Ng'ombe wa Pembe Moja

Mwenye kitu chema hahitaji kupiga kelele. Mwenye kibovu ndiye hupita mlango hadi mlango akikisifu. Hilo mhariri mmoja wa filamu, aliyebandikwa jina la Mama Mkasi, alilishuhudia kwa macho yake.

Bosi wake alimpa picha za kampeni ya mheshimiwa mmoja aliyegombea ubunge: visima vitatu, vijiji vitatu, maji yakibubujika. Cha tatu kilitajwa kuwa cha kijiji alikoishi mama yake mzazi. Mama Mkasi alirudisha picha nyuma, akatazama tena. Kwenye visima vyote vitatu alikuwa akinywa ng'ombe yuleyule wa pembe moja.

"Bosi, hiki ni kisima kimoja tu, tena walikichimba kina mama wa ng'ambo ya mto wa kwetu. Mama yangu bado anateka mtoni."

"Wewe kata, unga, tia muziki. Watu wa shamba hawana macho hayo."

"Kijiji kikishaonekana kina kisima, nani atakichimbia kingine? Siungi."

"Basi kazi huna."

Iliuma, maana aliipenda kazi ile. Hata hivyo alipiga moyo konde, akapanda basi kwenda kwao, ameazimia kusimama mbele ya watu na kusema kweli siku filamu itakapooneshwa.

Gari la kampeni lilifika asubuhi, bosi akiwa ndani, vipaza sauti vikinguruma tangu njia panda. Watu walijazana katika darasa la shule ya kijiji, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Hata wanawake waliokuwa wakienda mtoni waliingia na ndoo zao. Kisima cha kwanza, watu wakatazama. Cha pili, watu wakaanza kugusana viwiko. Cha tatu, darasa zima likacheka. Wafugaji wale, wanaomjua mbuzi wa jirani kwa kikohozi chake, wangekosaje kumjua ng'ombe yule wa pembe moja?

Bosi aliamuru irudiwe, kwa sauti ya juu zaidi. Mama Mkasi akainuka. Kabla hajafungua kinywa, mama yake alimpita na ndoo tupu, akaiweka chini ya kitambaa cha sinema.

"Mwanangu," alimwambia bosi kwa upole, "maji yenu ni mengi. Nitekee basi, mgongo unaniuma."

Wanawake wengine wakapanga ndoo zao nyuma ya ile ya kwanza. Bosi alizitazama, kisha akazima mtambo.

Mchana ule gari liliondoka kukinadi kisima chake kijiji cha mbele. Wanawake nao walivuka mto kwenda kuwauliza wenzao walichimbaje kisima chao, ambacho hakikuwa na filamu wala kipaza sauti. Mama Mkasi alitangulia, ndoo ya mama yake kichwani. Kweli, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.