Utando wa Sufuria ya Mama Chumvi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hapo zamani za kale palikuwa na Muhanga, mhunzi wa wanyama. Mkewe alichemsha maji ya chemchemi apate chumvi, ndiyo maana wakamwita Mama Chumvi.

Kazi ile ilikula sufuria. Moto chini, chumvi ndani. Chuma kikashika kutu, kutu ikabanduka, chuma kikaliwa tena. Siku moja, tobo! Maji ya moto, pwaa! Yakamwunguza Mama Chumvi mguu.

Muhanga akampaka asali kidondani, machozi yanamlengalenga. "Mke wangu, hutaungua tena."

Akaenda mlimani. Akachimba, akachimba, akapata jiwe linalong'aa. Akaliyeyusha pamoja na chuma. Akagonga, ngo! ngo! ngo! Akamletea sufuria mpya.

Siku ya kwanza tu motoni, sufuria ikashika utando mwembamba wa hudhurungi. Jirani yao Kicheche akachungulia.

"Shoga, kutu hiyo!"

Mama Chumvi akaitazama sufuria. Moyoni akasema, "Mume wangu kahangaika bure. Asijue." Akasugua kwa mchanga, kwaru! kwaru! Ikang'aa. Akaiinjika, utando ukarudi. Akasugua, ukarudi. Akasugua mpaka vidole vikatoka damu.

Muhanga akaviona. "Nani kakuumiza?"

"Sufuria yako. Ina kutu. Sikutaka kukuvunja moyo."

Muhanga akavishika vidole vile, akavipuliza, fuu, fuu. "Jamani, mke wangu! Ungeniuliza. Kutu hubanduka, chumvi ikapenya. Utando huu umeshikamana, haupitishi kitu. Sufuria imejivika yenyewe, kwa hewa na moto. Ukiukwangua, inajivika tena."

"Una hakika?"

"Tuijaribu. Nitakaa karibu nayo mimi. Kama ni kuungua, niungue mimi."

Wakainjika sufuria mbili, hii mpya na nyingine ya chuma kitupu. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tano, tobo! Ile ya chuma ikamwaga maji, moto wake ukazimika, tshiii! Mpya ikaendelea kutokota.

Mama Chumvi akaja, akaketi ubavuni mwa mumewe, karibu kabisa na sufuria. Hakuogopa tena.

Basi wanangu, si kila utando ni uchafu. Mwingine ni kinga. Na umpendaye usimfiche, muulize.

Hadithi yangu imekomea hapo. Iliyo tamu chukueni, iliyo chungu niachieni mwenyewe.