Kibao cha Shukrani cha Bwana Evaristo

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba huko Kuba, enzi za utawala wa Wahispania, aliishi mchoraji mcha Mungu aitwaye Melkiori. Yeye alikuwa mtu huru, lakini mamaye, Bi Brijida, alikuwa mtumwa katika shamba la miwa la Bwana Evaristo.

Siku moja moto ulimzingira bwana huyo katika nyumba ya kuchemshia sukari. Akapaza sauti, akaweka nadhiri kwa Bikira Maria kwamba mtumwa atakayemtoa humo atamwacha huru. Wote waliokuwa nje walimsikia. Bi Brijida akaingia, akamburuta kwa miguu hadi nje, na mikono yake ikaungua vibaya.

Basi sikieni ujeuri wa binadamu. Alipopona, Bwana Evaristo alidai kwamba aliyemtoa ni Bikira mwenyewe, hakuona mtu mwingine, kwa hiyo hakuna wa kuachwa huru. Na kwa kuwa ilikuwa desturi yao aliyeokoka kutundika kanisani kibao chenye picha ya muujiza aliotendewa, akamwagiza Melkiori, mwana wa mama yule yule, amchore Bikira akimvuta peke yake. Nikifika hapa damu hunichemka.

Melkiori alitaka kuvunja brashi zake. Mamaye akamsihi awe na subira.

"Chora, mwanangu," alimwambia. "Lakini usimzulie uongo Mama wa Mungu."

Akachora. Bwana Evaristo, kwa kiburi chake, hakutaka kukanyaga karakana ya mtu mweusi kuitazama kazi. Tena alitaka waumini wote washangae kwa pamoja, ndipo akaamuru kibao kibarikiwe kikiwa kimefunikwa. Padre Anselmi, aliyemwogopa sana, akanyunyiza maji ya baraka juu ya kitambaa, kisha kikaondolewa.

Bikira alikuwa juu mawinguni, macho yake kwa Bi Brijida. Naye Bi Brijida alikuwa chini, katikati ya ndimi za moto, akimburuta bwana kwa miguu.

Bwana Evaristo akaamuru picha ikwanguliwe palepale. Lakini kwa Padre hofu ya Mola ikaizidi hofu ya tajiri.

"Kimeshabarikiwa, Bwana. Kukikwangua ni kufuru. Piga magoti kama ilivyo desturi, umwambie Bikira kama picha hii ni kweli au ni uongo."

Bi Brijida alisimama nyuma na watumwa wenzake, mikono imefungwa vitambaa. Bwana akapiga magoti. Aliwajua waliomsikia siku ile, na moto alikuwa bado anaukumbuka.

"Ni kweli," alisema kwa kusaga meno.

Siku hiyohiyo mama akaachwa huru, na hakuambiwa hata ahsante.

Ndugu zangu, mtu huyu alikuwa radhi kumtumia Bikira ili amdhulumu mwanamke aliyeungua kwa ajili yake. Na wa namna yake tunao, tunasali nao. Wanasimama kushuhudia jinsi Mungu alivyowaponya, na yaya aliyewaogesha na kuwalisha kitandani ameketi palepale, hatajwi. Inanichukiza. Bi Brijida hakuweza tena kukunja vidole vyake hadi anazikwa. Shukrani inayoiruka mikono ile, sidhani kama inafika mbinguni.