Aliyemtoa Raya Pangoni

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, watu wakiwa wameshajua kutia hewa ndani ya chuma na kwenda nayo chini ya bahari, katika kijiji cha Fundobara aliishi mwanamke akiitwa Mize. Mumewe alikuwa mzamiaji, jina lake Mbarouk. Siku moja nanga ya watu ilinasa mwambani, Mbarouk akaombwa ashuke kuinasua. Akashuka. Nanga ikapanda. Mbarouk hakupanda.

Walimtafuta. Dada yake Mbarouk, Zuwena, naye mzamiaji, alimtafuta kuliko wote, akarudi mikono mitupu. Maiti haikuonekana, wala pezi lake la mpira halikuonekana. Mbarouk alimwacha Mize na mtoto wa kiume, Hamdani, na mimba changa. Mimba hiyo ndiyo Raya. Mize alisubiri miaka, hadi masheikh walipomwambia, sasa basi, kaa eda. Akakaa eda ya mtu asiye na kaburi.

Tangu hapo aliiogopa bahari. Watoto wake hawakulowa kupita magoti. Lakini bahari ya Fundobara iko mlangoni, na Raya alipopata akili hakuwa na maneno mengine: "Mama, nataka kuzamia." Asubuhi kuzamia, jioni kuzamia. Na Hamdani, ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kuvunjika, alikuwa akikaa pwani na kuyatazama maji.

Zuwena alikuwa akifundisha wageni kuzamia katika hoteli moja ya upande wa pili wa kisiwa. Alipokuja kuwajulia hali, Mize akamlalamikia. Zuwena akasema:

"Wifi, hawa watazamia tu. Wakijifundisha kwa siri watakufa. Nipe mimi niwafundishe, mbele ya macho yako."

Mize alifikiri siku kadhaa. Mwisho akakubali, kwa masharti yake. Watashuka mahali penye maji mafupi. Yeye mwenyewe atakuwamo botini. Na Raya atafungwa kamba kiunoni, na kamba hiyo ataishika mama yake.

"Kamba mwambani ni hatari, wifi. Itanasa."

"Basi hawendi."

Zuwena akacheka, akakubali kamba.

Wakaketi ukumbini, juu ya mkeka, kuipanga safari. Zuwena akalichukua sinia la mchele ambao Mize alikuwa akiuchagua, akauchora mwamba kwa kidole. Akaweka kikombe. "Hii boti." Akaweka kisosi. "Hiki Kijamba, mwamba mfupi. Tutashukia ubavu huu wa pwani. Tutakwenda wakati wa maji mafu, maji hayana nguvu, hayamchukui mtu." Kisha akaweka bakuli upande wa pili wa kisosi.

"Na bakuli?" aliuliza Hamdani.

Zuwena alilifunika kifudifudi. "Huko hatuendi."

Mize alijua huko ni wapi. Huko ndiko ilikonasa ile nanga.

Zuwena akawafundisha alama. Kidole gumba juu, tunapanda. Mkono ukipunga kwa ubapa, kuna jambo. Akawaambia kila mzamiaji ana mwenzake, na mwenzake hamwachi. Raya mwenzake Hamdani, Hamdani mwenzake Raya.

"Na ukitaka mwenzio akutazame, gonga mtungi wako kwa jiwe. Ngo, ngo, ngo. Lakini mjue, chini ya maji sauti haina upande. Utaisikia mbele, utaisikia nyuma, utaisikia kama imo kichwani mwako."

Wakaanza mazoezi penye maji ya kiuno. Mize alisimama ufukweni, kanga kaifunga kibwebwe, akiwatazama watoto wake wakipiga magoti ndani ya maji na kupumua kwenye kidomo cha mpira, mapovu yakipanda. Raya alikuwa mwepesi kama aliyezaliwa humo. Siku ya mwisho ya mazoezi alitoa kichwa, akavua miwani ya maji, akamuuliza Zuwena:

"Shangazi, nani alikuwa akigonga?"

"Hakuna aliyegonga."

"Kuna mtu kagonga. Ngo, ngo, ngo. Kule mbele."

"Mtungi wako umegusa jiwe, mwanangu."

Raya hakubisha. Lakini Mize alimwona Zuwena akikunja mipira ya hewa huku akitazama kule mbele. Alitaka kumuuliza. Watoto walikuwa na furaha kubwa mno, hakumuuliza.

Siku ya safari bahari ililala. Hapakuwa na upepo, hapakuwa na wimbi, hapakuwa na ndege. Jua la utosini lilikaa juu ya maji kama juu ya kioo. Zuwena aliendesha boti ya injini mpaka Kijamba, akatia nanga ubavu wa pwani kama walivyopanga, akaivuta kuhakikisha imeshika. Akaikagua mitungi, mmoja baada ya mwingine, na ule mmoja wa akiba. Mize akaifunga kamba kiunoni mwa Raya, akaifunga tena.

Wakajiangusha kinyumenyume. Zuwena mbele, watoto nyuma wameshikana mikono. Maji yakafunga juu yao, Mize akabaki peke yake.

Aliyatazama mapovu. Mapovu ya Zuwena, makubwa, ya taratibu. Ya Hamdani. Ya Raya, madogo, ya haraka haraka. Aliyafuata kwa macho huku akiiachia kamba kidogo kidogo. Akaona yanakwenda vizuri, moyo ukamtulia. Akayatazama tena.

Yalikuwa mafungu manne.

Mize alifumba macho, akafumbua. Manne. La nne lilipanda kando ya mapovu ya Raya, la taratibu mno, povu moja, kisha kimya, kisha povu moja. Akainua uso kutafuta pwani, ajue alipo, na pwani haikuwa pale ilipokuwa. Ilikuwa mgongoni kwake. Nanga haikung'oka, injini haikuwashwa, na boti imehama imefika upande wa pili wa Kijamba.

Mize akaanza kusoma Ayatul Kursi. Hakuifikisha nusu. Kamba ikaanza kukimbia mikononi mwake.

Alijiviringishia kiganjani. Ikambana, ikamkata, damu ikatoka. Hakuiachia. Alitia miguu kwenye ubavu wa boti akavuta, na kule chini kitu kikavuta. Haikuwa nguvu ya mtoto. Ilivuta, ikalegea, ikavuta, ikalegea, kama mtu anayeuliza swali na kungoja jibu. Mize akapiga kelele, "Simtoi! Huyu simtoi!" Kamba ikasimama, imekaza kama waya. Mapovu ya Raya hayakuonekana tena.

Yaliyotokea chini Mize alikuja kusimuliwa. Hamdani alisikia mtu akigonga, ngo, ngo, ngo, akageuka kumtazama shangazi yake, na Zuwena hakuwa na jiwe mkononi. Wakati huohuo Raya alikichomoa kiganja chake, akaogelea bila kugeuka, kama aliyeitwa na mtu anayemjua, akaingia kwenye ufa wa mwamba. Hamdani aligonga mtungi wake kwa nguvu zake zote. Zuwena akaja. Tope lilikuwa limetibuka, mashimo yalikuwa mengi, na hakuna ambaye angejua shimo lipi, ila kamba. Kamba ilikaza kutoka juu hadi ndani ya ufa mmoja mwembamba, ikawaonyesha.

Zuwena alijaribu kuingia. Mtungi ukagota. Basi akauvua mtungi, akauacha mchangani, akaingia kwa pumzi moja tu kifuani, akiifuata kamba kwa mikono gizani. Alimkuta Raya ameketi. Kidomo cha hewa hakikuwa mdomoni, mpira wake umechanika kwenye jiwe. Macho yalikuwa wazi, uso ameuinua kidogo, kama mtoto anayesikiliza hadithi. Zuwena alimkumbatia akarudi naye kinyumenyume, mabega yake yakichubuka mwambani, mpaka akamtoa mdomoni mwa ufa. Hapo yeye mwenyewe aliishiwa, akapapasa kuutafuta mtungi wake, giza limemjaa machoni.

Hamdani akampokea Raya. Alikitoa kidomo chake mwenyewe akamtia mdogo wake mdomoni, akakibonyeza hewa itoke, akakishikilia pale. Yeye akapanda naye bila hewa, akipuliza mapovu njia nzima kama alivyofundishwa, hadi hakuwa na kitu cha kupuliza. Walipotokeza juu alikuwa akitokwa damu puani, na Zuwena, aliyeupata mtungi wake, akatokeza nyuma yao.

Mize aliwavuta wote botini. Raya alikohoa, akatapika maji ya chumvi, akalia kama mtoto mchanga. Mize alimpakata, akamsugua, akamwita jina. Raya akanyamaza. Akawatazama watatu wote, akasema:

"Baba anawasalimu."

Akanyoosha kidole kwenye maji.

"Yumo mle ndani. Kaniuliza kama mama bado analala upande wa ukutani. Kasema, mwambie asubuhi ile mkate wa kumimina niliumaliza mimi, nikamsingizia paka."

Mize alijifunika uso. Jambo la paka hakuwahi kumwambia mtu. Raya hakuwa amezaliwa.

"Kasema pumzi yake inakwisha," Raya aliendelea. "Iliyobaki inamtosha kuonana na mtu mmoja. Atamfungulia aliyenitoa mimi. Mmoja tu, na leo tu, kabla maji hayajajaa. Wakija wawili hafungui."

Zuwena alikaa chini. "Nilimsikia," alisema. "Kila nikizamia huku namsikia akigonga. Nikajiambia ni mawe."

"Na kama si yeye?" aliuliza Hamdani. "Kama ni kitu kinachojua maneno yake?"

Wote watatu walilisikia swali hilo, wote watatu walijua kwamba ni swali la haki. Kisha wote watatu wakautazama mtungi wa akiba, maana ndio pekee uliobaki umejaa hewa.

Zuwena ndiye aliyeanza. "Nitashuka mimi. Mtoto alikuwa shimoni, na aliyeingia shimoni ni mimi. Niliacha hewa yangu nje. Kamba haikumkumbatia, na Hamdani hakupita ule ufa. Mikono iliyomtoa Raya ni hii. Na Mbarouk ni ndugu yangu, tumbo moja. Nimemtafuta nikiwa kijana, namtafuta mpaka leo."

Hamdani akasema, "Samahani, shangazi. Ulimtoa pangoni, lakini hukumtoa baharini. Ulimtoa hana pumzi. Mtu aliyetolewa bila pumzi ni maiti imetolewa. Pumzi aliyopandia ni yangu, nilimpa yote. Na mimi ndiye niliyegonga ukaja." Akaifuta damu puani. "Nyinyi mnaukumbuka uso wake. Mimi nilikuwa mdogo. Nikifumba macho simwoni."

Mize alikuwa bado amempakata Raya. Alikifungua kiganja chake, nyama imefunguka mpaka ndani.

"Nyinyi mlikuwa na hewa, mna miwani, mmejifunza. Mimi sijui hata kuogelea. Wifi, uliikataa kamba hii. Mngemtafuta kwenye mashimo mangapi, na mngefika lini? Bila kamba, pango gani? Na kitu kile kilipomvuta, aliyekivuta ni nani? Kama ningeiachia, mngekuta ufa mtupu, kama ulivyokuta wewe ulipomtafuta mume wangu." Akaiokota kamba. "Nilikaa eda bila kuosha maiti. Nifungeni kamba hii hii, nitashuka nayo."

"Hujui kupumua kule, wifi. Utakufa."

"Hilo sikuuliza. Nauliza kama nimemtoa au sikumtoa."

Hamdani aliweka mkono juu ya mtungi. Zuwena akaweka wake. Mize akamlaza Raya taratibu juu ya kanga, akaweka wake wenye damu. Mikono mitatu, mtungi mmoja. Hakuna aliyevuta, hakuna aliyeachia. Pembeni ya mwamba alama ya maji ilikuwa imeanza kupanda, na Raya alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, akingoja wamwambie jina la kupeleka.

Haya, jamaa zangu mnaonisikiliza. Mmoja aliikamata kamba iliyoonyesha njia, na hakuiachia. Mmoja aliivua hewa yake akaingia gizani. Mmoja aliitoa pumzi kinywani mwake akampa mwenzake. Maji yanajaa, hawana muda wa kuitana kikao, na pale hakuna kadhi ila nyinyi.

Je, nani aliyemtoa Raya? Nani alistahili kushuka?