Watani wa Mto Lusyo

Mto hauna mtani. Mmeisikia leo mashineni, mama mmoja alipomkaripia yule kijana aliyekuwa akicheka ujumbe wa tahadhari ya mvua kwenye simu yake, na sasa mmekuja mbio kuniuliza ilikotoka. Haya, kaeni. Wewe unayechota mchele wangu na kuutafuna, acha, huo haujapepetwa. Nyie mnadhani kila methali ililetwa na mababu pamoja na moto. Hii ilizaliwa hapa hapa Lupando, na baadhi ya waliokuwapo bado mnawasalimia njiani. Ilianza hivi.

Mto wetu Lusyo, mnajua, si wetu peke yetu. Unazaliwa nchi ya jirani, kwenye milima ya Katumbi, unashuka, unavuka mpaka, ndipo unakuja kujitandaza hapa bondeni kwetu. Wao tunawaita watu wa Juu, sisi ni watu wa Chini, na Juu na Chini ni watani. Zamani walipigana mpaka wakachoka, wakapatana, wakaapa kwamba kuanzia siku ile watapigana kwa maneno tu. Mtani akikuita mwizi, nawe unamwita mchawi. Akikuvua kofia njiani, ni yake. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa na kuku unatoa wewe. Mtani hanuniwi. Ni mila nzuri hiyo, asije mtu akasema nimeisema vibaya.

Basi, miaka ile kabla ya simu za mkononi, Lusyo ulifurika ukatuzolea ng'ombe na maghala. Serikali zote mbili zikashtuka. Wakubwa wakakutana, wakala, wakapiga picha, na angalau mara hiyo moja wakatoka na jambo la maana. Kule Katumbi wakasimika nguzo katikati ya mto, wakaipaka rangi tatu: kijani, njano, nyekundu. Kila kijiji kikapewa simu ya upepo, ile redio kubwa ya kubonyeza kitufe ndipo useme, inayokula betri ya gari. Maji yakigusa nyekundu, wa Juu wanawaita wa Chini, wa Chini wanapiga kengele, watu wanapanda kilimani. Maji yakitoka Katumbi huchukua asubuhi nzima kufika hapa. Hakuna aliyepaswa kufa tena Lupando, hata kuku.

Mkubwa wa mradi akasema, "Kila upande uchague mtu mmoja. Lakini wawe watu wanaojuana, wasiooneana haya, wanaoweza kuongea kila siku bila kuchoshana."

Hapo ndipo tulipopotea, tena tukipiga makofi. Kwani nani anajuana na mtu wa ng'ambo ya mpaka kuliko mtani wake? Juu wakamtoa Kasyupa. Chini tukamtoa Gwakisa. Hao wawili wakianza kutaniana, watu walikuwa wanaacha chakula kipoe.

Kasyupa alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, na kazi ile aliipenda kuliko shamba lake. Kila asubuhi alishuka mtoni kuitazama nguzo, akarudi, akabonyeza kitufe. "Lupando, Lupando! Wezi mmeamka?"

"Tumeamka, nyie wala panya wa milimani," Gwakisa alijibu. "Leteni habari zenu za uongo."

Na Sekela, mkewe Gwakisa, hakukubali kupitwa. Alimpokonya mumewe redio. "Kasyupa! Harufu yako naisikia mpaka huku. Umeoga lini, baba?" Kasyupa alicheka mpaka akakohoa. Hakuwa na dada, na moyoni mwake Sekela alikuwa dada. Alipokuja kutembea Lupando, Sekela alimtukana tangu mlangoni, kisha akampakulia kipande kikubwa cha samaki kuliko cha mumewe.

Ila jambo moja Kasyupa hakulifanya hata siku moja: hakutania kuhusu maji. Habari za nguzo alizisema kavu. "Leo kijani." Basi. Baada ya hapo ndipo matusi. Aliamini Gwakisa ameliona hilo mwenyewe, mtu mzima aambiwe nini? Hakumwambia.

Mwaka wa pili, mpunga ukiwa umeanza kuiva, Kasyupa akatoa utani mkubwa kuliko yote. Aliita kwa sauti nzito: "Gwakisa, wakubwa wa nchi zote mbili wanakuja kwenu kesho kukagua redio. Andaeni mapokezi, msituaibishe."

Gwakisa akapiga kengele, ile rimu ya lori iliyotundikwa mbele ya nyumba yake kilimani. Mtaweza kufikiri? Watoto wa shule walivaa sare, wakapangwa barabarani. Wanawake waliacha kuamia ndege mashambani wakaja kupika. Mbuzi akachinjwa. Watu wakasimama juani mpaka alasiri, kisha kwenye kona ikatokea baiskeli, na juu yake Kasyupa, amefunga tai ya kuazima.

"Mkubwa nimefika," akasema. "Nyama iko wapi?"

Lahaula! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nyama aliila, tena ya paja. Lakini waliporudi mashambani walikuta kwelea kwelea wamefanya karamu yao pia, na mpunga wa watu wengi umebaki makapi. Mtani hanuniwi, kwa hiyo hasira yote ilimwendea Gwakisa. Wakamwambia, "Ukitupigia tena kengele kwa maneno ya Kasyupa, tutakushusha hiyo rimu tukutundike wewe." Walisema wakicheka, lakini naye alijua kicheko kile kina mfupa ndani. Jioni ile alimwambia Sekela, "Huyu hanipati tena."

Ukaja mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna. Mvua tulishaihesabu imekwisha. Hapa Lupando mbingu zilikuwa nyeupe na jua kali, na bonde lote limejaa watu na miundu yao. Kule Katumbi mambo yalikuwa mengine. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima usiku kucha, yakamwaga mvua yote ambayo watu walisahau kuiomba.

Asubuhi Kasyupa aliposhuka mtoni hakuona rangi hata moja. Ncha ya nguzo tu ilikuwa inatetemeka juu ya maji mekundu yenye miti mizima ndani yake. Akiwa amesimama pale pale, nguzo ikainama, ikaondoka. Alikimbia mpaka nyumbani, akabonyeza kitufe kabla hajapata pumzi.

"Lupando! Lupando! Gwakisa, maji yanakuja! Nguzo imeng'oka! Piga kengele!"

"Karibu, mheshimiwa," Gwakisa akajibu. "Safari hii tukuchinjie mbuzi au ng'ombe?"

"Sikutanii, Gwakisa. Toa watu bondeni!"

"Huku jua linawaka mpaka mbwa wamejificha. Maji ya wapi?"

"Mvua imenyesha huku! Huku kwetu!"

"Sema tena hiyo 'huku kwetu'. Imekaa vizuri."

Kasyupa akaapa kwa kaburi la mama yake. Gwakisa akacheka. "Mama yako naye alikuwa mtani wangu. Angekuwepo angekusaidia kunidanganya."

"Basi nipe Sekela. Niongee na Sekela!"

"Sekela yuko bondeni anavuna. Unataka nimtoe kwenye mpunga aje akuogeshe?"

Kasyupa akaliona lile bonde, akamwona Sekela ameinama na kanga kiunoni, na yale maji aliyoyaacha mtoni. Redio ni hiyo moja, na mtu wa kuisikia ni huyo mmoja.

"Kamtoe," akasema. "Gwakisa, ndugu yangu, nakupigia magoti hapa nilipo." Na kweli alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameikumbatia ile betri. Sauti ikamkatika. Akalia, mtu mzima, kilio cha kwikwi, huku kidole kingali kwenye kitufe.

Alipokiachia, upande wa pili palikuwa kimya. Amenielewa, Kasyupa alijiambia. Mungu wangu, amenielewa.

"Kasyupa," Gwakisa akasema taratibu, kama mtu anayemvulia mwenzake kofia. "Leo nimekubali. Mpaka machozi! Wewe ni fundi." Kisha akaizima redio ili betri isiishe.

Kasyupa alirukia baiskeli. Aliishusha ile milima bila breki, akafika mpakani, geti limefungwa. Siku nyingine alipita hapo akitukanana na askari, lakini wiki ile ilikuwa imetoka amri kwa ajili ya magendo ya sukari: bila kibali hapiti mtu.

"Afande, nifungulie. Mafuriko yanakwenda Lupando."

Askari akamtazama, uso ukachanua. "Si wewe yule mkubwa wa tai? Hebu mwone! Mbuzi wa Lupando ulimla, leo umekuja kunila na mimi?" Akamwita mwenzake aje asikie.

Wakiwa bado wanacheka, ardhi ikaanza kunguruma. Mto ulipita mbele yao umebeba mapaa ya nyumba, ukavuka mpaka, na hakuna aliyeuuliza kibali. Askari alifungua geti, lakini baiskeli ya nani itashindana na maji? Kasyupa alikanyaga tu.

Na huku kwetu, Gwakisa alipousikia ule mngurumo alitoka nje, akaona kule juu ya mto weusi unaotembea. Aliipiga ile rimu mpaka mikono ikatoka damu. Watu bondeni waliinua vichwa. Wachache walikimbia, na hao ndio waliokuja kutusimulia. Wengi walisimama wakamtazama yule mtu mdogo kilimani anayegonga chuma, wakaguna. Sekela alijinyoosha, akajishika kiuno, akapaza sauti: "Mwambieni Kasyupa mwaka huu hatuna mbuzi!" Wenzake wakaangua kicheko, wakainama tena kwenye mpunga.

Kasyupa alipofika kilimani, bonde lilikuwa ziwa. Gwakisa alikuwa bado anagonga rimu. Watu wakamwondoa kwa nguvu.

Tulizika tuliowapata. Sekela alipatikana, na wengine walituambia tushukuru kwa hilo. Watu wa Juu walivuka mpaka kuja msibani, maana hata huko mtani ana kazi yake: anaingia kaburini, analala, anagoma kutoka mpaka apewe kitu, anamsema marehemu maovu ya kuchekesha, na wafiwa wanacheka katikati ya machozi, moyo ukapata kupumua. Siku ya Sekela kila mtu alikuwa anamngoja Kasyupa. Alisimama ukingoni mwa kaburi, mikono imening'inia.

Gwakisa akamsogelea. "Ingia, mtani. Fanya kazi yako. Alikupenda huyu."

Kasyupa hakuinua macho. "Nilikulilia, Gwakisa."

"Nilidhani ni utani."

"Nilikuwa nalia."

"Kila siku ulinidanganya!" Gwakisa akapiga kelele, na mila ya mababu ikavunjika mbele ya watu wote, kwa maana mtani alikuwa amemkasirikia mtani. "Wakubwa, tai, mbuzi! Ningejuaje kwamba siku moja utasema kweli?"

"Kuhusu maji sikukutania hata mara moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua," Kasyupa akasema. "Mimi na wewe ni watani, Gwakisa. Mto hauna mtani." Akachukua jembe, akaanza kufukia. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyethubutu kumwambia aingie.

Redio walinyang'anywa wote wawili. Serikali zikaleta nguzo mpya, na tangu hapo wanaopeana habari za mto huchaguliwa watu wasio na undugu wala utani, watu wakavu, ambao hata ukiwaambia mzaha wanakuuliza maana yake. Mnawacheka hao mnapowaona ofisini. Wanafaa.

Lakini hawa wawili waliishi miaka mingi baada ya hapo, na kuna kitu nilikiona ambacho kiliniuma kuliko mazishi. Siku za mnada Kasyupa alikuwa anashuka kuja Lupando, na walikuwa wanakutana. Gwakisa alisema, "Habari za asubuhi, mzee Kasyupa." Kasyupa alijibu, "Nzuri, mzee Gwakisa. Za nyumbani?" "Njema." Kisha kila mtu akashika njia yake. Adabu tupu, kama wageni. Hakuna mwizi, hakuna mla panya. Mpaka walipokufa, mmoja kule na mmoja huku, hawakutukanana tena hata mara moja. Nasi tuliosimama pembeni tuliinamisha vichwa, maana tulijua wanachoambiana ni kile kile kilichosemwa kaburini: mto hauna mtani.