Gurudumu la Mzee Mita

Katika mtaa ule, aliyekwama na baiskeli aliambiwa neno moja tu: mpelekee Spoki. Ndilo jina walilompa fundi huyo, mwanamke mrefu, mwembamba, asiyepinda kirahisi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake. Mteja aliyeingia na kifaa kipya mkononi, macho yakimng'aa kama bwana harusi, alipokewa kwa swali lilelile: "Gurudumu hili lilifungwa na nani, na lini?" Wengine walinung'unika kwamba wamekuja kutengenezewa, si kuhojiwa. Lakini Spoki hakugusa spana kabla ya kujibiwa. Alijua kuwa gia mpya zinaweza kupendeza machoni na kukataa katakata kuingia kwenye habu, yaani lile bomba la katikati ambamo spoki zote, zile njiti za gurudumu, hukutana.

Yeye na baba yake waliishi pamoja. Watu walimwita Mzee Mita, kwa kuwa alisoma mita za maji nyumba hadi nyumba kwa miaka thelathini na moja, juu ya baiskeli ileile ya chuma. Alipostaafu, alibaki na safari moja. Kila Jumamosi alipanda kilima hadi kwa dada yake mkubwa, ambaye macho yake yalikuwa yamezima, akamsomea gazeti kuanzia kichwa cha habari hadi matangazo ya viwanja. Kisha goti la kulia likaanza kumgomea. Kwa majuma machache aliisukuma baiskeli mlimani. Halafu akaacha kwenda. Alipoambiwa apelekwe kwa pikipiki, alijibu kwamba yeye si gunia. Miezi mitano ikakatika.

"Mwambie ndugu yangu simu haisomi gazeti," shangazi alimwambia Spoki siku moja kwa simu. Sauti yake ilikuwa imepungua nguvu. "Majirani wananisomea, Mungu awabariki, lakini wanaruka. Nasikia kabisa wanaporuka."

Maneno hayo yalimwingia Spoki kama mwiba. Siku hiyohiyo akaagiza kaseti, fungu la gia tisa lililopangwa kuanzia duara dogo hadi kubwa. Duara lake kubwa lilikuwa na meno thelathini na sita. Kwa gia kama hiyo hata goti bovu lingepanda kilima likipiga soga. Hakumwuliza baba yake lolote. Alitaka kumshtukiza kwa furaha. Wala hakulichunguza gurudumu. Baiskeli ile aliijua tangu akibebwa kwenye keria yake. Achunguze nini?

Kaseti ilifika Alhamisi. Mchana, Mzee Mita alipojinyoosha kitandani, Spoki aliipindua baiskeli, akatoa gurudumu la nyuma na kuingiza kifaa chake cha kufungulia gia. Kifaa kikazunguka bure, hakikushika popote. Akajaribu kingine, yakawa yaleyale. Jasho likamtoka. Badala ya kusimama na kutafakari, akachukua tindo na nyundo, akaanza kugonga.

"Unachinja nini humo?" Mzee Mita alikuwa amesimama mlangoni, peku.

"Nakuwekea gia nyepesi, Baba. Ili upande kilima."

"Nani aliyekutuma?"

"Lakini goti lako..."

"Goti langu halijaleta malalamiko kwako. Rudisha gurudumu langu lilipokuwa."

Spoki alikuwa amechoka na ameaibika, na ulimi ukamponyoka. "Baba, ukubali tu! Huwezi tena. Bila hiki hufiki kokote!"

Mzee Mita aliutazama ule ukingo wa chuma uliokwanguliwa na tindo, kisha akarudi ndani, akaufunga mlango wa chumba chake polepole. Afadhali angeubamiza. Kuanzia hapo nyumba ilipoa kama jiko la jana. Walisalimiana, wakapeana chumvi mezani, basi. Gurudumu likabaki limeegemea ukuta, nayo kaseti ikakaa ndani ya boksi lake.

Jumatatu asubuhi akaja mwalimu wa hesabu na baiskeli aliyonunua kwa jirani, pamoja na fungu la gia mpya.

"Gurudumu hili lilifungwa na nani?" Spoki akauliza kama kawaida yake.

"Sijui, fundi. Wewe funga tu, kitaingia."

"Hakiingii kwa kuombewa, mwalimu. Kamwulize jirani yako, kisha urudi. Mwenye gurudumu yupo hai, kwa nini tubahatishe?"

Mwalimu aliondoka akicheka. Spoki yeye alibaki ameduwaa, kitambaa cha grisi mkononi. Maneno aliyoyatoa yalikuwa yamemrudia mwenyewe kama mwangwi. Mganga hajigangi! Kwa miaka kumi na miwili hakuna mgeni aliyeliepuka swali lile, ila baba yake mzazi, aliyelala umbali wa ukuta mmoja, hakuwahi kuulizwa.

Alilibeba gurudumu, akaenda kusimama nje ya chumba cha mzee.

"Hodi, Baba."

Akaukaribia mlango zaidi.

"Baba, nisamehe. Nilikutamkia neno lisilofaa. Na tena nimekwama. Gurudumu hili lilifungwa na nani?"

Alisubiri. Ndani kitanda kikalia kidogo.

"Na mimi," sauti ikasema. "Mwaka ule ulipoanza shule."

Mlango ukafunguliwa. Mzee Mita alilipokea gurudumu kwa mikono miwili, akaketi nalo kitandani na kulizungusha. Alisimulia jinsi lori la maji lilivyorudi nyuma likaliponda gurudumu la awali, na jinsi alivyounga spoki thelathini na sita kwa masiku matatu bila fundi. Spoki alisikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Habu hii ni ya skrubu," mzee akasema. "Gia zake hukazwa kama kizibo cha chupa. Hiyo kaseti yako nimeiona. Ina mifuo kwa ndani, hii mistari iliyochongwa, inataka habu yenye mifuo, uivike kama soksi. Hapa hata ungeita jeshi isingeingia."

"Na kuifungua hii, Baba?"

Mzee aliinama kwa shida, akavuta kopo chini ya kitanda, akachagua kipande cha chuma chenye pembe mbili. Kikakaa kwenye vijishimo vya gia pasipo kuchezacheza. "Kaza nati juu yake kwanza," alionya. "Ujanani nilikuwa na haraka kama wewe. Nimevunja pembe za vipande viwili."

Karakanani walikibana kipande kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, wakalishika gurudumu wote wawili, wakaligeuza kama usukani wa lori. Likagoma, likagoma, kisha likasema *ka!* na kulegea. Mzee Mita akacheka kwa sauti. Kisha wakapima nafasi ya gurudumu ndani ya fremu: milimita mia moja ishirini na sita. Habu za kisasa ni pana kuliko hapo.

"Tuipanue fremu au tutafute gia za skrubu?" Spoki akauliza. "Wewe unaonaje?"

Mzee alikuna kidevu. "Fremu iache. Tafuta gia za skrubu, sita zatosha, ila duara kubwa liwe na meno thelathini na manne. Na mkono wa kusukumia cheni toka gia hadi gia uwe mrefu, huu mfupi hautafika." Akalisugua goti la kulia. "Goti linauma, mwanangu. Sikutaka kuliambia mtu."

"Najua, Baba."

Kaseti ikarudishwa ilikotoka. Gia za skrubu zilifika pamoja na mkono mrefu baada ya siku nane, na Mzee Mita ndiye aliyezikaza kwa mkono wake, baada ya kupaka grisi. Spoki alishika taa tu, akauliza pale alipotaka kujua jambo.

Jumamosi, jua likiwa bado changa, mzee alitia gazeti kwapani, akaona halikai, akalifunga kwenye keria. Alikubali binti yake amfuate, kwa sharti asikae ubavuni. Kilimani miguu yake ilizunguka upesi na baiskeli ikaenda pole, kama kobe mwenye miadi. Katikati alishuka, akahema, akajifanya anatazama mandhari. Spoki naye akasimama nyuma, akaitazama. Kisha mzee akapanda tena, na hakushuka hadi juu.

Shangazi alikuwa ameketi barazani. Alisikia cheni, akainua uso.

"Nani huyo anayehema uani kwangu?"

"Msoma mita," Mzee Mita akajibu. "Nimekuja na gazeti. Siruki hata mstari."

Bibi huyo alinyoosha mikono hewani, akaupata uso wa ndugu yake, akaushika muda mrefu. Spoki aliegemeza baiskeli yake ukutani, akaketi kwenye ngazi, akasikiliza ukurasa wa kwanza ukisomwa. Nyundo na tindo havikumpandisha baba yake mlimani. Swali dogo lilimpandisha. Hakika, kila mlango na ufunguo wake.