Kadi Iliyokuwa Mfukoni mwa Koti

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, zamani yenyewe ni ya juzi tu, simu za kupangusa zikiwa zimeshafika kila nyumba, palikuwa na mama mjamzito wa Tukuyu aitwaye Subilaga. Mumewe, Gwamaka, alikuwa fundi cherehani. Jicho lake la kushoto lilishazimika, na daktari alisema la kulia litaokolewa kwa upasuaji, mradi asichelewe. Pesa hawakuwa nazo. Gwamaka alikuwa na ombi moja tu, amwone mwanawe.

Siku ya gulio Subilaga akanunua koti dogo la mtumba kwa mama mmoja, Tusekile. Kabla ya kulifua akapekua mifuko, akakuta kadi ngumu yenye picha ya mchezaji mpira, imevikwa kifuko cha nailoni. Hakujua ni kitu gani, ila iling'aa. Akairudisha, maana mali ya mtu ni ya mtu.

Tusekile akacheka. "Mwanangu, nilikuuzia koti na mifuko yake. Nenda nayo."

Basi akaipeleka kwa Lugano, kijana wa duka la fotokopi, aifunike kwa plastiki ya moto kama tunavyofunika vyeti vya shule, mtoto aje aitundike ukutani. Mashine ilishapata moto. Lugano akaitazama kadi, akaitazama tena, akazima mashine.

"Dada, ngoja kwanza. Vitu hivi huko ng'ambo watu wanavikusanya."

Akaingia mtandaoni. Akasoma kwamba kadi ikishagandishwa plastiki hakuna anayeitaka tena. Akakuta na nyingine, pacha wa ile, na bei aliyoiandika mwenye nayo ingejenga nyumba ya vyumba vitatu na choo cha ndani. Wakaitangaza kwa bei hiyo hiyo.

Wakangoja. Mvua zikaanza, hakuna aliyeuliza. Gwamaka akaanza kukosea tundu la sindano, kisha akaanza kukosea mlango. Subilaga alikuwa analilia jikoni ili asisikike.

Ndipo alipokuja wifi yake kutoka Mbeya, Ipyana, dada yake Gwamaka, ambaye huuza simu zilizotumika mtandaoni. Akalisoma tangazo, akaguna.

"Wifi, hii ni bei ya kuota. Kuandika, mtu yeyote anaandika anachotaka. Tutafute zilizouzwa, mtu akatoa hela kweli akachukua kadi."

Wakazitafuta zilizouzwa. Nyumba ikapotea, choo cha ndani nacho kikapotea. Ikabaki bei ya upasuaji na nauli, na chenji ya nepi. Na kadi yenyewe ilikuwa na kona iliyokunjika. Lugano akasema waipige picha upande mzuri.

"Piga hapo hapo kwenye kona," Ipyana akasema. "Mnunuzi akija kuiona mwenyewe, ataona tumemtapeli."

Wiki haikwisha, ikanunuliwa. Gwamaka akapasuliwa. Mtoto wa kike alipozaliwa, baba akamsogeza hadi pua zikagusana, akasema, "Ana kidevu cha mama yake." Akalia. Na sisi tuliokuwepo tulilia, siwafichi.

Sasa ikaja shukrani. Mali hawakuwa nayo, walikuwa na jina tu la kutoa. Na majina yetu haya hayachagui mvulana wala msichana. Watatu wale wakakutana kwa mzazi, utani ukaanza, halafu utani ukapungua.

Tusekile akasema, "Ningeipokea ile kadi ningewapa wajukuu waichane, mambo yakaishia hapo. Mtoto aitwe Tusekile."

Lugano akasema, "Bei nilikosea, nakubali. Lakini ningebonyeza kitufe nikapata hela yangu ya plastiki, leo mngekuwa na picha ya ukutani na baba asiyeiona. Aitwe Lugano."

Ipyana akasema, "Mlikuwa mnakaa kwenye nyumba ya hewani huku kaka yangu anapapasa kuta. Nikawaambia msilotaka kulisikia, mkaninunia. Kweli si kweli, wifi? Aitwe Ipyana."

Subilaga akawashika mikono mmoja mmoja. "Nawashukuru mpaka naishiwa maneno. Kila nikimwona baba yake anamtazama, nawaona nyinyi watatu." Akamfunika mtoto vizuri. "Na yule mtoto wa ng'ambo aliyesahau kadi mfukoni, hata jina lake silijui nimshukuru."

Jumapili ikafika. Kanisa limejaa, watatu wamekaa benchi moja la mbele, kila mmoja ananitazama mimi, mama wa ubatizo, kana kwamba jina ninalo mimi. Gwamaka hamtazami mtu, anamtazama mwanawe. Mchungaji akachovya mkono majini, akauliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Subilaga akanigeukia. Haya, nyinyi mnaomaliza karanga zangu, ningemnong'oneza jina gani? Je, nani alistahili?