Jipu Lililolalia Kushoto

Kuna watu ambao macho yao ni makali kama wembe yakikagua kazi ya mwingine, lakini yakirudi nyumbani huota ukungu. Watu hao wahenga hawakuwasema kwa maneno laini. Waliwafananisha na nyani. Fundi mmoja wa magari, aliyebandikwa jina la Milimita kwa kupenda kupima kila kitu, hakujua kwamba naye yumo.

Asubuhi moja daktari wa mifugo aliingiza jipu lake kuukuu katika gereji ya Milimita ili abadilishiwe oili. Gari hilo lilikuwa na umri wa kuitwa babu, lakini milima lilipanda kama mbuzi. Nyuma lilibeba sanduku la barafu lenye chanjo za ndama. Wafugaji wa mlimani walikuwa wanamsubiri, na barafu ile isingevuka alasiri.

Milimita alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja.

"Daktari, babu huyu analalia kushoto. Nani kakufungia springi hizi?"

"Kaka yako, juzi. Zote mpya."

Kaka mtu alikuwa na gereji yake ng'ambo ya barabara. Milimita alicheka hadi akashika mbavu.

"Kaka yangu namheshimu mezani. Kwenye springi, mpe ufagio."

Akaweka pima maji juu ya bampa. Kiputo cha hewa kilichomo kiooni kikakimbilia kulia, upande ulioinuka, kama kilichofukuzwa.

"Umeona? Kushoto kumeshuka. Chombo hiki hakijui undugu."

Akapiga jeki, akafungua springi za mbele na kuzibadilisha, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Hapo hakukosea: springi ingekuwa mbovu, kuinama kungehama nayo. Alipomaliza, shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Akashusha gari, akapima. Kiputo kilikimbilia kulia vilevile.

Mwingine angejiuliza. Milimita alipandisha sauti.

"Basi kaipinda chesisi alipokuwa anapiga jeki. Niachie siku tatu, niikate na kuinyoosha."

Daktari alifunua sanduku. Vipande vya barafu vilikuwa vimeanza kuelea.

"Baada ya siku tatu chanjo hizi zitakuwa supu. Sikiliza, fundi. Ng'ombe akichechemea, mimi sianzi kwa kumshika mguu. Namgeuza, namtembeza pengine, nijue kinachomsumbua ni mguu wake au ni mawe anayokanyaga. Geuza gari."

"Gari si ng'ombe, Daktari."

"Ndiyo maana halitakupiga teke. Geuza."

Milimita alilitoa gari nje, akaliingiza kinyumenyume huku akinung'unika kama birika la chai. Akapima. Sasa jipu lilikuwa limelalia kulia.

Akapima tena. Akakipangusa kioo cha pima maji kwa shati, akapima mara ya tatu. Gari lile lile, lililolalia kushoto dakika tano zilizopita, sasa lilikuwa limehama upande kama mpiga kura aliyehongwa.

Kaka yake alikuwa amevuka barabara baada ya kusikia kile kicheko, akatazama yote kutoka mlangoni. Aliingia, akachukua pima maji na kuilaza chini, juu ya saruji. Kiputo kikakimbilia ukuta ule ule kilioukimbilia juu ya bampa.

"Bwana mdogo," akauliza kwa upole, "na sakafu hii, nani kaimwaga?"

Aliyeimwaga ni Milimita mwenyewe, mwaka uliopita, baada ya kumfukuza mwashi kwa madai kwamba hajui kupima.

Daktari alicheka mpaka akaegemea mlango wa jipu. Milimita alijaribu kununa, lakini midomo ikamsaliti, naye akaangua kicheko.

"Nisamehe, Kaka. Leo nimekuvua nguo barabarani bure."

"Nimekwisha kuvaa. Mwekee daktari oili yake aende."

Oili ikawekwa, jipu likavushwa hadi kwenye sakafu ya kaka mtu. Pale kiputo kilitulia katikati kama bibi harusi. Adhuhuri haijafika, babu alikuwa anaukwea mlima, bega sawa kwa bega, na barafu bado haijaisha.

Milimita alibaki mlangoni kwake, akiyahesabu kwa vidole magari yote aliyoyatangazia ulemavu tangu mwaka jana. Vidole vilimwishia. Nyani haoni kundule. Huliona la mwenziwe, tena kwa pima maji.